Pima uso, funga mwanga: kwa nini nimeacha kuiamini kamera

Leo naomba tuiweke tarakilishi kando kidogo. Sina habari za Linux wala za lugha za programu. Nataka tuzungumze kuhusu kamera, na hasa kuhusu mpangilio mmoja ambao wengi wetu tumeulipia pesa, tunao mkononi, na hatujawahi kuugusa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa na kamera ya dijitali, ile aina ya kubadilisha lenzi, niliyoinunua mitumba. Nilikuwa najiona fundi. Binamu yangu akawa anaoa kwetu Kilifi, nami nikapewa kazi ya kupiga picha kwa sababu mbili: nilikuwa na kamera, na sikuwa nalipisha. Saa saba mchana, jua la Desemba, nyanya yangu ameketi kwenye kigoda barazani, kivulini. Nyuma yake ua mzima unawaka: mchanga mweupe, mahema meupe ya kukodi, viti vyeupe vya plastiki. Nikampiga picha tatu. Nikatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera, kwa jua lile, nikaona mahema yametoka safi, nikaridhika. Nikakimbilia kupiga keki.

Nyanya alifariki mwaka 2011. Shangazi zangu walitaka picha nzuri ya kuweka kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, wakakumbuka kwamba mimi nilimpiga siku ya harusi. Nikafungua zile picha tatu. Mahema: unaweza kuhesabu mishono. Nyanya: kivuli chenye kitambaa kichwani.

Nikajiambia si neno, mimi ni mtu wa tarakilishi, nitauvuta mwanga. Nikauvuta. Uso ukaja na vitone vyekundu na vya kijani, ngozi rangi ya majivu, macho hayakuja kabisa. Shangazi yangu mkubwa akaangalia kioo kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu si mama."

Tukatumia picha ya kitambulisho. Mnazijua picha za kitambulisho.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kamera ile ilikuwa na kila nilichohitaji. Ilikuwa na upimaji wa nukta, ilikuwa na kitufe cha kufunga mwanga. Nilikuwa nimesoma habari za megapikseli zake mpaka nikazikariri, lakini hivyo viwili niliviruka. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeumia, myachukue hivyo: nadhani kwa watu wenye ngozi kama zetu, chini ya jua kama letu, kupima mwanga kwa nukta na kuufunga ndicho kitu cha kwanza cha kufundishwa. Kabla ya lenzi, kabla ya megapikseli, kabla ya programu za kurekebisha picha.

Haya, tuone kamera hufanya nini.

Kamera haijui kama inatazama nyanya, mbuzi au ukuta. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwa kitu, kisha inachagua tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO ili kile ilichopima kitoke kijivu cha katikati. Kijivu hicho ndicho kile cha kadi za wapiga picha, zinazorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoziangukia. Basi. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe itautoa kijivu. Ukiielekeza kwenye suti nyeusi, nayo itaitoa kijivu. Haina nia mbaya, inafanya hesabu iliyofundishwa.

Swali ni moja: inapima wapi? Hapa ndipo kuna zile alama tatu ambazo watu huziruka. Ya kwanza hupima picha nzima, ikaigawa vipande, ikavilinganisha na kukisia. Ya pili hupima picha nzima lakini hulipa uzito zaidi eneo la katikati. Ya tatu ni nukta tu ndani ya mstatili, na kwenye menyu huitwa Spot. Hiyo hupima sehemu ndogo sana ya picha, kuanzia asilimia 1 hadi 5 hivi kulingana na kamera, na kupuuza kila kitu kingine.

Kwa wale wanaoandika programu, ya kwanza ni wastani wa safu nzima ya namba, pamoja na ujanja kiasi. Ya tatu ni kusoma namba moja uliyoichagua wewe.

Tufanye hesabu ya ile picha yangu, kwa namba za mfano. Gawa picha katika visanduku tisa. Nane ni ua na mahema, kila kimoja kina mwanga wa 800. Kimoja ni uso wa nyanya kivulini, una 25. Wastani ni 714 hivi. Kamera inaichukua 714, inaiita kijivu cha katikati, na kila kitu kinapangwa kutokea hapo. Uso wenye 25 uko chini yake karibu mara 29. Katika upigaji picha tunahesabu kwa hatua, kila hatua ni mara mbili ya mwanga, kwa hiyo uso umeshuka karibu hatua tano chini ya kijivu. Nyanya alikuwa kisanduku kimoja dhidi ya nane, na kamera ikapiga kura.

Kamera za kisasa zina ujanja zaidi ya wastani, nitafika huko. Lakini kwanza nieleze kwa nini "nitarekebisha kwenye tarakilishi" ni sentensi ya hatari, maana mimi niliisema.

Kihisi cha kamera huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Ukirekodi picha ghafi ya biti 12, una ngazi 4,096 kutoka giza hadi weupe kamili. Watu hudhani ngazi hizo zimegawanywa sawa. La. Hatua ya juu kabisa ya mwanga inachukua nusu nzima, yaani ngazi 2,048. Hatua inayofuata 1,024. Halafu 512, 256, 128, 64. Uso wa mtu mweusi uliopimwa vizuri hukaa kama hatua moja chini ya kijivu, na hapo bado una ngazi za kutosha. Ushushe hatua nne zaidi na umebakiwa na ngazi chache za kuchorea mikunjo, macho, mashavu, na kila alichokuwa mtu yule. Na ngazi hizo chache zimechanganyika na kelele za umeme wa kihisi chenyewe. Ndivyo vile vitone vyekundu na kijani. Na mimi sikurekodi hata picha ghafi, nilikuwa na JPEG: biti 8, na juu yake mbano unaotupa maelezo madogo ambayo jicho halingeyaona. Sasa mahema yangu yalipata ngazi zote hizo za juu. Mahema ya kukodi!

Siku hizi kuna programu za akili bandia zitakazokuletea uso msafi kutoka kwenye giza lile. Nimezijaribu kwenye picha ya nyanya. Zilinipa mwanamke mzee mwenye sura njema, mwenye macho mazuri sana. Macho hayo yamechorwa kwa kukisia kutoka nyuso za watu wengine. Nilifuta faili ile siku hiyohiyo.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu kuna mwaka mmoja ninaoupenda: 1983. Mwaka huo Nikon walitoa kamera ya FA, iliyokuwa ya kwanza kugawa picha katika vipande, vitano, na kuvilinganisha ili kukisia mwanga ufaao. Mwaka huohuo Olympus walitoa OM-4. Hii ilikuwa na upimaji wa nukta ambao ulikuruhusu kupima sehemu hadi nane, moja baada ya nyingine, na kuchukua wastani wa hizo ulizozichagua. Ilikuwa pia na vitufe viwili, kimoja cha kusema "hapa nilipopima ni peupe, pabaki peupe" na kingine cha kusema "hapa ni peusi, pabaki peusi." Njia mbili kabisa. Moja inasema mpiga picha ana haraka, tumkisie. Nyingine inasema mpiga picha anajua anachokitazama, tumuulize.

Soko lilichagua njia ya kukisia, na sishangai. Kufikia 1996 Nikon F5 ilikuwa inapima kwa kihisi cha pikseli 1,005 zenye rangi, na kulinganisha na hazina ya picha zaidi ya 30,000. Kwa mwandishi wa programu hilo ni jambo la kuvulia kofia, tena kwenye kamera ya filamu. Lakini sote tunajua sheria ya hazina za data: itakupa majibu ya maswali yaliyoingizwa humo. Uso mmoja mdogo mweusi mbele ya mchanga mweupe wa Pwani ni swali gumu, na jibu la wastani halimfai aliyeketi kivulini.

Na hapa kuna jambo lililonichukua miaka kuligundua. Nilipoanza kupima kwa nukta, picha zangu bado zilikuwa mbovu, ila kwa upande wa pili. Nilisoma ushauri huu mahali pengi: pima uso, kisha ongeza hatua moja. Nikaufuata. Watu wangu wakatoka kama wamepakwa unga. Nikapunguza hiyo hatua moja, nikapima uso bila kuongeza chochote, bado wakatoka na rangi ya majivu.

Chanzo chake kiko wazi ukitazama mfumo wa kanda ambao Ansel Adams na Fred Archer waliutunga huko Marekani karibu na mwaka 1940. Waliligawa giza na mwanga katika kanda, kutoka nyeusi tii hadi nyeupe pe. Kanda ya tano ni kijivu cha katikati. Ngozi ya Mzungu wa kawaida akiwa juani wakaiweka kanda ya sita, hatua moja juu. Ni kweli kabisa, kwa Mzungu. Ushauri wa "ongeza hatua moja" unatoka hapo, ukanakiliwa kitabu hadi kitabu bila kutajwa ngozi ya nani. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu: mtu anaandika namba moja ndani ya programu, anaisahau humo, na miaka baadaye mteja aliye nchi nyingine anashangaa kwa nini hesabu zake zinakataa.

Ngozi yangu mimi iko chini ya kijivu. Nikipima shavu langu napaswa kupunguza hatua moja. Dada yangu ni maji ya kunde, kwake napunguza theluthi moja tu au naacha hivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja kutoka Turkana, nikipima uso wake napunguza hatua moja na nusu, na hapo ngozi inatoka na ule mng'ao wake halisi, nyeusi yenye uhai.

Ugonjwa huo haukuwa wa kipimo cha mwanga peke yake. Kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwa maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha utafiti juu yake mwaka 2009. Ndani yake kuna jambo la kuchekesha na kukasirisha kwa pamoja: miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa.

Lakini simchukii Adams, maana yeye huyo ndiye mfano wangu bora wa kupima kwa nukta. Mwaka 1941 alikuwa anapita kwa gari kijiji cha Hernandez, New Mexico, akaona mwezi umechomoza juu ya makaburi na misalaba, jua likiwa linazama nyuma yake. Akasimamisha gari, akatega kamera, na hakupata kipimo chake cha mwanga. Akakumbuka kwamba anaujua mwangaza wa mwezi: mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba. Akapanga kamera kwa namba hiyo moja, na picha ile ikawa mojawapo ya picha mashuhuri zaidi za karne iliyopita. Namba moja, ya kitu kimoja, lakini anajua ni kitu gani na anataka kitoke vipi.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza ninavyofanya mimi, ninyi mtabadilisha.

Naweka upimaji kwenye nukta. Natumia kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa kuweka hatua moja chini, kama mtu wangu ni mweusi kama mimi. Naielekeza nukta kwenye shavu, upande unaopata mwanga ninaoutaka. Sio paji la uso lenye jasho linalong'aa, sio ndevu. Kama uso uko mbali mno na nukta ni kubwa kuliko uso, nasogea, napima, narudi. Kisha nabonyeza kitufe cha kufunga mwanga, napanga picha yangu nipendavyo, nyanya akiwa pembeni, mnazi ukiwa kushoto, napiga.

Kufunga ndiko kunakosahaulika. Bila kufunga, ukishasogeza kamera nukta inaondoka usoni na kutua kwenye hema, na kamera inapima upya. Hapo umefanya vibaya zaidi kuliko ungeiacha ikisie picha nzima. Ni kama kusoma thamani sahihi halafu usiihifadhi popote, mstari unaofuata unaifuta.

Majina ya vitufe yanatofautiana. Kwenye Canon tafuta alama ya nyota nyuma, upande wa kidole gumba. Kwenye Nikon nyingi kimeandikwa AE-L/AF-L, na kwa kawaida kinafunga mwanga na fokasi pamoja maadamu umekishikilia. Ingia kwenye menyu ukibadilishe kifunge mwanga tu. Angalieni pia mtego huu, uliwahi kuniharibia mchana mzima: kwenye Canon nyingi, kubonyeza shata nusu hufunga mwanga ukiwa kwenye upimaji wa picha nzima, lakini ukiwa kwenye nukta haufungi. Lazima ubonyeze nyota.

Mtego mwingine: nukta iko wapi? Kwenye Canon nyingi iko katikati tu, hata kama fokasi umeiweka pembeni. Kwenye Nikon inafuata nukta ya fokasi uliyoichagua, isipokuwa ukiiachia kamera ichague yenyewe, hapo hurudi katikati. Na kwa wanaonunua kamera za mitumba, Canon 350D na 400D hazina nukta kabisa, zina upimaji wa sehemu ya katikati ya asilimia 9. Nukta ya asilimia 4 ilikuja na 450D mwaka 2008. Hiyo asilimia 9 inatosha ukisogea karibu.

Kama mtu hataki umkaribie, au ni mzee unayemheshimu na hutaki kumchomekea lenzi usoni, tumia kiganja chako. Viganja vyetu havitofautiani sana kama nyuso zetu. Kwangu mimi, kiganja kiko hatua mbili juu ya shavu langu. Kwa hiyo nakiweka kiganja kwenye mwanga uleule unaomwangukia yeye, napima kiganja, naongeza hatua moja, nafunga. Jibu linakuwa lilelile. Bibi harusi mwenye gauni jeupe juani? Pima gauni, ongeza hatua moja na nusu, gauni litatoka jeupe lenye mikunjo yake na uso utakaa mahali pake, kama vyote viko kwenye mwanga mmoja.

Wenye simu nao hawajaachwa. Kwenye iPhone, gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka uone AE/AF Lock. Hiyo imekuwepo tangu iOS 5 ya mwaka 2011. Ile alama ya jua pembeni, ya kuteleza juu na chini, ilikuja na iOS 8 mwaka 2014. Simu nyingi za Android zinafanya vivyo hivyo, nyingine zinakuonyesha alama ya kufuli. Si nukta halisi kama ya kamera, lakini ukigusa uso wa mtu mweusi, simu ikampausha, ukateleza chini kidogo na kufunga, umefanya kazi ileile. Naona watu wakigusa uso, wanaona umekuwa kama majivu, wanasema kamera ya simu hii ni mbovu. Ukienda kwenye maduka ya Luthuli Avenue leo swali la wanunuzi ni simu ina kamera ngapi nyuma. Zamani lilikuwa megapikseli ngapi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama inafunga mwanga.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa.

Kwamba kuna histogramu. Ipo, na ninaitumia, lakini histogramu ni hesabu ya pikseli zote. Uso wa nyanya ulikuwa sehemu ndogo ya picha, na kwenye histogramu ya siku ile ni kichuguu kidogo upande wa kushoto ambacho ungedhani ni mlango.

Kwamba kamera mpya zinatambua uso na kuupima zenyewe. Hili nakubali, na ninafurahi. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walileta kile walichokiita Real Tone, wakisema wazi kwamba kamera zao zilikuwa haziwatendei haki watu weusi. Matokeo nimeyaona, ni mazuri. Ila hata hizo zina tabia ya kutaka kila kitu kionekane: uso, ua, mbingu, vyote kwa mwanga sawa, mpaka kivuli cha baraza kinapotea na picha inakuwa bapa kama bango. Kivuli kile kilikuwa sehemu ya siku.

Kwamba picha ghafi zinaokoa. Zinaokoa hatua mbili, pengine tatu. Rekodini ghafi kwa kila hali. Lakini rudieni kuzitazama zile namba za ngazi.

Na kwamba nikipima uso kivulini, ua wa nyuma utaungua. Kweli! Katika mfano wangu, mahema yangeruka hatua nne juu ya kijivu, yangekuwa weupe mtupu bila mshono hata mmoja. Huwezi kupata vyote, hasa saa saba mchana. Kupima kwa nukta ni kuamua nani utampoteza. Siku ile kamera iliamua kwa niaba yangu, ikampoteza nyanya ili ihifadhi mahema. Ningemgeuza kigoda akatazama uani, ningepunguza tatizo hilo kwa nusu, na hilo pia sikulifikiria.

Kuna wakati ninaiachia kamera ikisie, nisiwadanganye. Watoto wanaokimbia, wingu linaingia na kutoka, mechi ya mpira: hapo nukta itatua kwenye jezi nyeupe sasa hivi na kwenye kaptura nyeusi sekunde inayofuata, na picha zitapishana kama taa za matatu. Kufunga nako kuna madhara yake. Nilishawahi kufunga mwanga nikiwa ndani ya kanisa, nikausahau, nikatoka nje na maharusi, nikapiga picha zaidi ya arobaini za weupe mtupu. Maharusi wale bado ni marafiki zangu, lakini tulichukua muda. Tangu siku hiyo, kila nikivuka mlango napima upya.

Ukitaka kujaribu leo, huhitaji harusi. Mketishe mtu yeyote mlangoni, ndani ya nyumba, mchana, nje kukiwa na jua. Simama ndani, umtazame yeye na nje nyuma yake. Piga ya kwanza kamera ikisie. Ya pili pima shavu bila kupunguza kitu. Ya tatu pima shavu, punguza hatua moja, funga. Zifungue zote tatu kwenye kioo kikubwa na umwite mwenyewe aje achague. Kama ni mama yako, usimwambie ipi ni ipi.

Nikipata wasaa nitaandika kuhusu flashi, maana hiyo nayo tuna ugomvi wa siku nyingi.